Kipimo cha kidole kilisema mwanangu ana VVU, DBS ikasema tofauti

Wakuu, habari za huko mliko. Nisikilizeni kidogo, hasa mama zangu mnaonyonyesha. Haya ni yangu mwenyewe, sijahadithiwa.

Naishi na VVU, natumia dawa kila siku. Mume wangu anajua, mama mkwe pia anajua. Tunaishi nje kidogo ya Bariadi, tunalima pamba.

Binti yetu Limi alipofika miezi tisa, mama mkwe alienda naye gulioni Ngulyati. Kumbe wasiwasi ulikuwa unamsumbua muda mrefu. Akapitia duka moja la dawa, wakamtoboa mtoto kidole, wakampima.

Alirudi hata salamu hakutoa.

"Mistari miwili! Nimeiona mwenyewe, na miwani nilivaa. Kuanzia leo titi basi, mtoto anywe maziwa ya ng'ombe."

"Mayu," nikamwita, yaani mama kwa Kisukuma, "kipimo cha kliniki alipokuwa na wiki sita kilisema yuko salama."

"Hicho cha makaratasi? Mimi nimeona damu!"

Mume wangu akaangalia chini. Hapo ndipo niliumia. Nilimfunga Limi mgongoni, nikamwambia mama mkwe, "Panda bodaboda, twende wote kliniki."

Nesi alimsikiliza mpaka akamaliza, kisha akacheka taratibu. "Mama, kipimo kile hakitafuti kirusi. Kinatafuta kinga ambayo mwili unatengeneza dhidi ya kirusi. Huyu alipewa kinga ya mama yake akiwa tumboni, inaweza kubaki mwilini mpaka mwaka na nusu."

"Kwa hiyo walimpima mkwe wangu?" mama mkwe akauliza, akininyooshea kidole.

"Ndiyo, tena bila yeye kuwepo!"

Ila nesi hakuniambia Limi ni mzima. Alisema kipimo kinachotafuta kirusi chenyewe ndicho kitaamua. Akamtoboa kidole gumba cha mguu, akadondosha damu kwenye kadi maalumu, ikakauka, ikapelekwa maabara. Hiyo ndiyo DBS.

Akasema niendelee kunyonyesha na nisiruke dawa hata siku moja.

Wakuu, kusubiri kunachosha. Kila Limi akinyonya, mama mkwe alikuwa anatoka nje.

Siku ya majibu alikaa mbele yangu kwenye benchi. Nesi akasoma: kirusi hakijaonekana.

Mayu alipiga vigelegele hadi mlinzi akaja kuangalia kuna nini!

Baadaye nilimwachisha ziwa. Alipotimiza miezi kumi na nane na wiki kadhaa kupita tangu aache kunyonya, alipimwa tena kwa kidole. Mstari mmoja. Sasa anakimbiza kuku wa bibi yake, na bibi mwenyewe ndiye anayenikumbusha saa ya dawa.

Nilichojifunza: kipimo sahihi kwa mtu mzima kinaweza kumdanganya mtu kuhusu mtoto. Na hata DBS ingeonyesha kirusi, Limi angeanza dawa siku hiyohiyo, akakua vizuri.

Mwenye swali au yaliyomkuta aandike hapa chini, nitajibu ninachojua.

Mtoto wa chini ya mwaka na nusu akionekana na mistari miwili, usimwachishe ziwa. Mpeleke kliniki ya mama na mtoto, uombe apimwe DBS.