Kifungo cha Baba wa Bibi Harusi

Singida mjini wameshanicheka vya kutosha, sasa chekeni na ninyi. Mimi ni mtu wa kipochi. Siendi popote bila pini, plasta, sindano na uzi, maana mjini huwezi kujua kitakachokupata. Juzi, kwenye harusi ya jirani yangu, nikapata nafasi ya kujionyesha.

Baba wa bibi harusi, mzee kutoka Kinampanda, alikaa pembeni yangu ameshikilia koti tumboni. Kifungo kilikuwa kimekatika, na alikuwa karibu kuitwa kutoa nasaha.

"Shikamoo, baba. Tulia hapo hapo, nakishona sasa hivi."

"Marahaba, mwanangu. Fanya haraka."

Nikainama, nikashona kwa mbwembwe huku taa za rangi zikiwaka na kuzima. Nilikaza uzi kwelikweli ili kisikatike tena. Ile naukata kwa meno tu, MC akaita, "Baba mzazi, karibu mbele!"

Mzee akainuka, na mkono wangu ukainuka naye. Kumbe nilikuwa nimeshona kifungo pamoja na mkono mpana wa gauni langu! Nikavuta, wapi! Mzee alidhani namsindikiza, basi tukaenda bega kwa bega hadi mbele, nikitabasamu kama mjinga.

"Loo! Leo baba kaja na mama mdogo!" MC akapaza sauti.

Ukumbi ukaanza kunong'ona. Mama wa bibi harusi akaja taratibu, akaichunguza mishono yangu, kisha akachukua maiki.

"Tulieni jamani, si mke mwenzangu. Kajishonea tu kwa mume wangu!"