Risiti ya Kadzo Ina Ada ya Zamani

Admin, nifichie jina. Huku Magogoni watu twajuana, na mama ninayemsema hapa ana wanawe wanaosoma ukurasa huu.

Mimi ni mwanamke wa miaka 36, nina watoto wawili na saiba ndogo, kibanda cha kompyuta na uchapaji. Kazi yangu kubwa ni makaratasi ya wanaokwenda Uarabuni. Cheti cha chuo hakikubaliwi kule mpaka serikali yetu ikihalalishe kwa muhuri, na muhuri una ada yake. Mimi hukusanya vyeti, wakala mmoja huvipeleka Nairobi na kuvirudisha na risiti.

Serikali ilipopandisha ada, tangazo nililichapa mwenyewe nikalibandika ukutani. Wateja wakaanza kunikimbia. Wakala akaniambia, "Dada, usihangaike. Nina mtu wangu ndani, kwake bei ni ile ile." Nikafurahi, mjinga mimi! Sikuuliza vipi serikali nzima ipandishe ada, mtu mmoja asipandishe. Rahisi ghali, na methali hiyo naijua tangu utotoni.

Kadzo, binti wa jirani yangu, alisafiri na cheti kilichopitia kwangu. Mwezi haukuisha akanitumia sauti: "Dada, nimeitwa ofisini. Wasema muhuri wangu hawauoni kwenye orodha. Pasi wameichukua. Waniuliza mbona risiti ni ya juzi na ada ni ya zamani. Niwajibu nini?"

Nikainua macho, tangazo langu likanitazama pale ukutani. Nilipompigia, simu ilikuwa imezimwa, na hadi leo haijawaka. Nikafungua nakala ninazoweka. Wote waliosafiri baada ya Kadzo wana risiti kama yake. Sasa kila simu ikilia nahofia ni mmoja wao.

Nilimuuliza wakala. Hakupandisha hata sauti. "Fomu zote zina mwandiko wako, dada. Mimi jina langu haliko popote. Fikiri kabla hujasema."

Mamake Kadzo huja kila asubuhi, akae kwenye benchi langu. "Mwanangu, mwenzio hajakupigia?" Nami humwambia mtandao wa kule ni mbaya. Nimemdanganya mtu mzima aliyenishikia wanangu nikiwa hospitali.

Jana alikuja na bahasha. Mna vyeti vya Mbeyu, mdogo wake Kadzo. Akanishika mikono miwili: "Huyu naye amepata kazi mji ule ule. Ataenda amtafute mwenziwe. Mfanyie vile vile ulivyomfanyia dadake." Nikaipokea. Wallahi sijui kwa nini niliipokea.

Wakala amesikia, sijui kwa nani. Asubuhi hii ameniandikia: "Nakuja kesho kuchukua ya Mbeyu. Bei ni ile ile."

Nikisema, nitafungwa, na wanangu hawana baba. Nikinyamaza, Mbeyu anamfuata Kadzo. Ndugu zangu, nishaurini leo, nifanye nini? Kesho mama yule atakuwa kwenye benchi kabla sijafungua mlango.