Tulikuwa tunachagua rangi ya makabati, kumbe mama ana jambo analificha

Wakuu, salamu kutoka Bujumbura.

Nina kisa cha makabati ya jikoni. Kimetokea nyumbani kwangu Carama na sijakitia chumvi. Mke wangu naye anapita humu jukwaani, nikidanganya atanirekebisha.

Tulimaliza nyumba, likabaki jiko. Mama yangu, mjane, alikuwa anaishi peke yake Buyenzi na tulishakubaliana ahamie kwetu. Kwa hiyo jiko lilikuwa la wanawake wawili, yeye na mke wangu Zuena. Wenye ndoa mnanielewa.

Kazi nikampa Shabani, seremala wa Cibitoke. Alipomaliza kupiga msasa akauliza tunataka stain gani.

Kwa msioijua, stain haifuniki mbao. Inazama ndani, mistari ya mbao inabaki kuonekana. Ukikosea, unasugua upya.

Zuena alitaka chocolat, kahawia iliyokolea karibu na nyeusi. Aliiona kwenye simu. Mimi nilitaka rangi ya asali. Tukabishana wiki nzima.

Shabani akasema, "Patron, rangi ya kwenye simu inadanganya. Mi nawapakia vipande, muviangalie mule mule jikoni, asubuhi na jioni."

Akaleta sample tatu. Zuena akambembeleza, fundi akapaka na mlango mmoja wa kabati la juu kwa ile chocolat. Ulipendeza, nakubali. Nikajua nimeshindwa.

Jumamosi nikamleta mama naye apige kura. Akavishika vile vipande kimoja kimoja, akavigeuzageuza.

"Vyote vizuri," akasema. "Chagueni nyinyi, mi nitapika tu."

Nikashangaa. Mama hajawahi kukosa neno juu ya kitu chochote. Huyu ni mtu aliyewahi kumrudishia fundi cherehani gauni mara tatu kwa sababu ya kifungo.

Zuena akafungua lile kabati kutoa sukari, akauacha mlango wazi. Mama akainuka kufuata kikombe chake, akaenda moja kwa moja, akajigonga paji la uso. Kwa nguvu.

Tukamkalisha. Zuena akamwekea kitambaa cha maji baridi. Mimi nikaanza kumlaumu fundi na bawaba zake, mama akanikatiza.

"Muache mutoto wa watu. Mlango sikuuona."

Akaeleza taratibu. Muda mrefu sasa macho yana ukungu. Kitu cheusi kikiwa kivulini, kwake hakipo. Sukari na chumvi anatofautisha kwa kuonja.

"Kwa nini hukusema, mama?" nikamuuliza.

"Ningesema mungeninyima sufuria. Sasa mi bila jiko nitakaa kufanya nini?"

Zuena, ambaye wiki nzima hakunilegezea hata kidogo, akachukua simu palepale. "Fundi, achana na chocolat. Tupakie asali."

Shabani alipoelezwa sababu, akaja na wazo lake: milango iwe ya asali, kingo na vishikio viwe vyeusi, ili jicho likamate pale mlango unapoishia.

Siku ya kumaliza akamweka mama kwenye stuli katikati ya jiko, akafungua mlango wa kwanza. "Unauona, mama?" "Nauona." Akahamia wa pili. Alifanya hivyo kwa milango yote, mmoja baada ya mwingine. Mimi nikatoka nje kidogo.

Hospitali wakasema ni mtoto wa jicho. Jicho moja limeshafanyiwa operesheni, la pili linasubiri zamu.

Sasa mama ana maoni juu ya kila kitu. Juzi kaniambia shati langu la kazini halijatakata, na kwamba fundi wa vigae alipindisha mstari mmoja ukutani. Nimepima, umepinda kweli. Zuena ameshushwa cheo, anakata vitunguu tu. Hajalalamika, walau si mbele yangu.

Nilichojifunza: sample iwekwe kwenye jiko lenyewe, na watakaopika humo wote waitwe. Na mzazi msemaji akikwambia "chagueni nyinyi", usifurahie kwamba amekuwa mpole. Kaa naye umuulize.

Wenye wazazi waliowahi kuficha ugonjwa, nyinyi mlijuaje? Na mafundi mliomo humu, mlango wa karibu na sinki umeanza kupauka kwa maji, niupake vanishi ya aina gani? Nasoma majibu yote, na mama anataka nimsomee.