Chai Hailiwi

Walisema sitaweza. Pale kwenye baraza la kahawa, kisiwani kwetu Kilindoni, walisema sijawahi hata kumchinja kuku akafa mara moja, sembuse kumlaza mtu usingizi apasuliwe kisha aamke. Walisema mtoto wa mpiga makumbi akienda bara hurudi na redio na suruali mbili, basi.

Kweli mama yangu alinisomesha kwa makumbi. Alifukia maganda ya nazi kwenye tope la pwani, akayafukua yameoza, akayaponda kwa rungu mpaka yakawa usumba, akasokota kamba na kuuza. Mikono yake ilinuka tope hilo hata siku ya Idi. Nami baada ya miaka kumi na miwili nilirudi na stashahada ya utoaji wa dawa ya usingizi, yenye mhuri, kwa ufaulu ambao darasani kwetu tuliupata wawili tu. Nalisema hili bila haya. Niliitundika ukutani kabla ya kutundika saa.

Nilifungua kituo cha upasuaji wa kutwa. Mgonjwa anakuja asubuhi, anapasuliwa, alasiri anarudi kwake. Kwetu hilo lilikuwa jambo kubwa, kwa kuwa wanaume wenye mabusha na ngiri walivumilia miaka mingi kuliko kulala wodini jirani akawajulia hali na kuondoka na habari. Daktari wa upasuaji alikuja na ndege mara moja kwa mwezi, Ijumaa, na Jumamosi tukafanya kazi.

Fedha zangu zote ziliishia kwenye mashine na vibali. Vilivyobaki niliazima. Mjomba alinipa jenereta aliyogandishia barafu ya samaki. Mwalimu wa madrasa alinipa mabenchi mawili. Jirani alinipa tangi la maji. Kitanda cha kupumzikia wagonjwa alikileta rafiki wa marehemu baba, mkulima wa minazi wa Baleni ambaye nilimwita ami. Kilikuwa kitanda chake mwenyewe, cha mvule, alichooa nacho.

"Ami, sasa nyinyi mtalala wapi?"

"Mie na mama yako wa Baleni tutalala mkekani. Kwani tulizaliwa juu?" Akakipiga kitanda kofi kama mtu anayeaga punda. "Kipashe moto tu. Iko siku nitakuja kukilalia mwenyewe."

Alikuwa na ngiri ya siku nyingi. Kila akitaka kukohoa aliibana kwanza kwa kiganja, ndipo akakohoa.

Miezi ya mwanzo watu walikaa kwenye mabenchi ya madrasa bila kutazamana usoni. Wenye mabusha walivaa vikoi vipana na kuweka vikapu mapajani, na kila mmoja alijua kikapu cha mwenzake kinaficha nini. Mama mmoja aliyekuwa na uvimbe begani alikuja na mto wake kutoka nyumbani, akakataa katakata kulalia wa kwangu. Mvuvi mmoja wa dago, mgeni aliyepiga kambi ufukweni kutoka pwani ya kusini, aliniambia nikiwa nimeshika sindano, "Daktari, nikiamka nikakuta kimepungua na kisichohusika, nitakudai." Tulicheka wote, naye akalala akicheka. Alasiri aliondoka juu ya bodaboda, kanga imekunjwa chini yake, akimwomba dereva kwa jina la Mungu akwepe mashimo.

Wote waliamka. Nilikuwa nikihesabu, na barazani nilikuwa nikiwahesabia.

Kulikuwa na karatasi niliyoiandika mwenyewe, ya maelekezo, ambayo kila mgonjwa alipewa siku moja kabla. Nilijivunia karatasi ile. Wengine huwafungisha wagonjwa koo tangu jioni mpaka wanakauka midomo, lakini mimi nilisoma vitabu vipya, najua kwamba maji kidogo hayana neno ikiwa tumbo halina chakula. Nikaandika: "Mgonjwa asile chochote kuanzia saa nne usiku. Kunywa kidogo kunaruhusiwa mpaka saa moja asubuhi."

Ami alikuja Jumamosi ya mwezi wa tano wa kituo, amenyoa ndevu, amevaa kanzu kana kwamba anakwenda kuposa. Kwanza alikwenda kukitazama kitanda chake.

"Umekula, ami?"

"Sijala tangu jana magharibi, wallahi. Njaa inaniuma mpaka mnazi nauona mchicha."

Tulijaribu kumchoma sindano ya mgongoni, ya kutia ganzi kuanzia kiunoni, tukashindwa. Uti wake ulikuwa umepinda na kukakamaa kwa miaka ya kukwea minazi. Daktari akaniangalia. Nikasema nitamlaza usingizi kamili, kazi hiyo ndiyo niliyosomea. Ilikuwa saa tatu asubuhi.

Dawa ilipomchukua tu, akatapika. Yaliyotoka yaliingia kifuani. Nilimgeuza, nikavuta kwa mashine, nikavuta tena, na katika bomba nikaona vipande vyeupe. Muhogo. Daktari naye akaviona. Hatukumpasua. Tulimrudishia pumzi, jioni akapelekwa Dar es Salaam kwa ndege, na siku ya tatu akafa huko kwa mapafu.

Wakaguzi walikuja, wakauliza, wakaandika, wakaniachia kibali pamoja na onyo. Watu hawakuniachia kitu. Jumamosi ya mwezi uliofuata mabenchi yalikuwa matupu. Barazani waliacha kusema nilipofika, kisha mmoja, mzee mwenye kofia ya kito, akaona haifai kunyamaza.

"Tulisema. Dawa ya kulaza, mtu kaipata ya kulala moja kwa moja."

Ningeweza kumeza mate nikaondoka. Lakini jina langu lilikuwa linakwenda na maji, na kwangu jina lilikuwa ndiyo mali pekee niliyojichumia. Nikasimama nikasema kwa sauti, mpaka wapita njia wakasikia: "Nina stashahada mimi! Ami alikuja na tumbo limejaa mihogo. Akanidanganya. Kama hamwamini, muulizeni mkewe nani kampikia!"

Muuza kahawa alianza kukusanya vikombe ambavyo vilikuwa bado vina kahawa.

Nao wakamwuliza. Wanawake waliokwenda kumhani Baleni walimwuliza, naye akajibu kwamba ni kweli, alimchemshia yeye mwenyewe. Habari hiyo ilinifikia ikiwa imenisafisha. Wagonjwa wawili walijiandikisha wiki ile ile. Nilimpelekea mama yangu habari, nikidhani atafurahi.

Alikuwa amekaa chini anasokota kamba. Hakuinua macho.

"Karatasi yako ilisemaje?"

Nikamwambia.

"Basi hakula. Alikunywa chai."

"Mama, alikula mihogo!"

"Alikunywa chai. Chai hailiwi, mwanangu, inanywewa. Muhogo ndio chai yenyewe. Weye ukiniuliza asubuhi nimekula, na nimetoka kunywa chai na viazi viwili na kipande cha samaki, nitakwambia sijala, nangoja wali. Wallahi hata mimi ningempa." Akavuta kamba ikakaza. "Na karatasi ikimwambia kunywa ruhusa, ningempa na nafsi yangu ikiwa safi."

Nilikaa pale mpaka adhuhuri. Hata huko bara watu husema vivyo hivyo. Nami nilisema hivyo maisha yangu yote. Lakini karatasi ile niliiandika kutoka kwenye kitabu cha Kiingereza, nikakivika Kiingereza kanzu, kisha nikamhukumu mzee wa watu kwa kukisoma kwa Kiswahili.

Nilizichoma karatasi zote. Mpya niliiandika kwa kumsomea mama kila mstari: asile, asinywe chai, asinywe uji, asinywe dafu, asitafune tambuu, asilambe hata asali ya dawa; maji matupu tu, mafunda mawili. Na sikuuliza tena "Umekula?" Niliuliza, "Tangu jana usiku kinywani kimepita nini?" Utashangaa watu hutaja nini. Mpaka leo sijapoteza mwingine, na wagonjwa hunijia mpaka kutoka Kirongwe, kaskazini mwa kisiwa. Hayo nayasema tena bila haya.

Lakini Baleni sikwenda. Nilipita njia nyingine miaka miwili.

Kituo kiliposimama imara nikanunua vyangu, na siku moja nikakodi gari kurudisha vya watu. Jenereta kwa mjomba, ambaye aliiwasha papo hapo kuona kama nimeiua. Tangi kwa jirani. Mabenchi kwa mwalimu, nimeyapiga na vanishi. Mwisho kabisa, kitanda.

Mjane wa ami alikuwa anafagia uani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

Hakusema karibu. Mimi na dereva tulikiingiza chumbani. Kwenye sakafu ya udongo palikuwa bado na alama nne za miguu yake, na katikati palikuwa na mkeka umetandikwa. Kitanda kikaingia kwenye mashimo yake bila kusogezwa.

Nilimwambia dereva anisubiri nje. Nikasema, "Mama, ami hakunidanganya, wala wewe hukukosea. Niliandika asile, na hakula. Karatasi ndiyo iliyokosea, na mwandishi wake ni mimi. Barazani nilisema vingine. Nitokapo hapa nakwenda barazani kusema haya."

Alikaa ukingoni mwa kitanda, akaupapasa ubao.

"Nilimsomea mimi ile karatasi," akasema. "Mara mbili. Nikamwambia kula hapana, kunywa ruhusa. Akafurahi."

Kisha akaondoka, nikasikia sufuria jikoni. Alirudi na kikombe kimoja cha chai juu ya sahani ndogo. Hapakuwa na kitu kingine kwenye sahani.

"Siku hizi sichemshi muhogo," akasema. "Kunywa."

Nikanywa. Ilikuwa ya moto na haikuwa na sukari ya kutosha, lakini niliimaliza yote mbele yake, kisha nikaenda barazani.