Gare Yetu Ilijulikana kwa Sauti

Rafiki yangu, juzi hapa kazini Mobeni, Durban, nimejiaibisha. Tulikuwa nje ya ghala, tunakula mkate wa mchana, treni ya mizigo ikapita kwenda bandarini, mabehewa yote yamefungwa. Neno likanitoka lenyewe: "Karanga motooo!" Mwenzangu wa kazi, Mrundi, karibu apaliwe na chai. "Eish, mama, karanga iko wapi?" Nikacheka naye. Lakini moyo ulishafika kwetu Kongo, kwenye gare yetu, stesheni ndogo ya kijijini iliyofungwa zamani.

Usifikirie jambo kubwa. Nyumba moja ya matofali, bati lenye kutu, na kipande cha chuma alichokigonga shefu wa gare, yaani mkuu wa stesheni, treni ikikaribia. Akigonga tu, koko, mama yake mama yangu, anaepua karanga, ananitwika beseni, harufu ya moshi na chumvi inanifuata njia nzima. Siku hizo watu walisafiri ndani ya mabehewa ya mizigo yasiyo na madirisha. Ungejuaje umefika? Unasikiliza. Gare iliyotangulia waliita samaki, iliyofuata waliita ndizi. Kwetu ilikuwa sauti ya koko, nyembamba, anaivuta mpaka mbwa wanajibu.

Mama aliondoka na treni hiyo kwenda kutafuta kazi mjini. Alimwambia koko, "Wewe uite tu, mama. Nitashukia kwenye sauti yako." Akanishika shavu, akapanda, mlango ukafungwa.

Kisha vita vikaja, treni zikakoma. Shefu akatia kufuli, akahama na watoto wake niliozoea kucheza nao. Majani yakaota katikati ya reli. Koko hakuacha. Kila siku ya treni alivaa kitenge chake kizuri, tukaenda, akaita, hata kama karanga zenyewe hakuna. Jirani akamtania, "Koko, unamuuzia nani?"

"Siuzi mimi. Ninaita."

Mimi nilikaa juu ya reli, chuma kikinichoma mapaja, nimetega sikio. Jamani, nilivyoogopa koko asije akaugua siku hiyohiyo mama akapitiliza!

Koko amekufa. Jirani yule aliniambia kwa simu, mimi nikiwa tayari huku Durban. Reli zimeng'olewa, na nyumba ya gare imebaki ukuta mmoja, wanafungia mbuzi. Ukuta si kitu. Kinachoniuma ni kwamba pale hakuna tena anayeita. Mama yangu, kama bado yuko mahali, atashukia wapi?

Yote haya nilimweleza yule Mrundi, maana hapa Durban sina mwingine wa kumweleza. Leo mchana treni ikapita tena. Nikasimama, nikaita kwa sauti ya koko, kisha nikaona haya, nikanyamaza.

Mrundi akaweka kikombe chini. "Ita tena, mama," akasema. "Bado iko mabehewa nyuma."