Herufi Nono za Nyar Sondu

Nikinusa rangi ya mafuta, ile inayokwaruza koo hadi chozi litoke, siko tena hapa Nyamasaria ninapoishi. Nimerudi soko la Katito, miguu imejaa vumbi, namtazama baba yangu akiandika mabango.

Baba alikuwa na herufi zake nono, mnazijua zile? Fupi, za mviringo, zenye mashavu. O yake ilishiba kama kiboko aliyetoka shambani kwa mtu, na D ilikuwa na kitambi cha mheshimiwa. Ungezisoma ukiwa mbali kule Kendu Bay, naapa! Lakini alikuwa na masharti. Herufi nono ni za chipsi, kinyozi na chekechea. "Ukiziandika kwa zahanati," alisema, "mgonjwa atafikiri unamcheka."

Mama yake Baba, ambaye sisi wajukuu tulimwita Dani, aliuza omena, dagaa wa ziwani, sokoni humo. Alizaliwa Sondu, kwa hiyo soko zima lilimwita Nyar Sondu, binti wa Sondu. Asubuhi moja aliketi kwenye kibanda cha jirani yake, Mama Atieno, akaanza kupanga vitunguu vya watu.

"Nyar Sondu!" Mama Atieno akacheka. "Omena imekushinda, sasa umekuja kunyang'anya vitunguu vyangu?"

Dani alicheka kuliko wote. Baba mdogo hakucheka. Jioni alitangaza kwamba ikitokea tena, mama yao atarudi nyumbani akae na kuku. Dani akasukuma sahani ya ugali pembeni. Huyu mama angeweza kumuuzia samaki omena. Bila soko angekuwa nani?

Kesho yake Baba alibeba makopo yake, akaandika NYAR SONDU kwa herufi nono, nyekundu juu ya njano, kutoka ukingo mmoja wa kibanda cha Dani hadi mwingine.

"Wololo!" Mama Atieno akapiga makofi. "Omena nyembamba hivi, herufi nene hivyo? Bwana, unafungua chipsi?"

"Biashara ni matangazo, Mama," Baba alijibu bila kugeuka.

Mimi niliona aibu. Amevunja sheria yake mwenyewe! Lakini Dani hakuketi tena kwa mtu. Kila asubuhi alisimama kidogo kwenye lango la soko, akainua uso kulitafuta bango, kisha akaenda moja kwa moja hadi kwake akiimba. Nilidhani anafurahia wateja. Alikaa sokoni humo hadi alipochoka mwenyewe.

Juzi nilienda kuagiza bango la kibanda changu cha chai. Kijana wa kompyuta alinipa karatasi yenye mitindo ya herufi. Niliisogeza mbali hadi mkono ukaisha urefu. Zote zilikuwa ukungu machoni mwangu, ila mstari mmoja wa herufi zenye mashavu.

"Hizi hapa," nikasema.

"Mzee, si hizo ni za watoto?"

Nilikuwa nimesimama langoni Katito, nimeinua uso.

Nimesoma shule ya jioni hadi taa zikanizoea, na cheti ninacho ukutani. Lakini bango lile la Baba, lililoandikwa kwa ajili ya macho ya mtu mmoja tu mbele ya soko zima, nimelisoma juzi.