Siku Mama Alipokinga Nusu Debe

Baba alikuwa kibarua wa barabara pale Newala, na mshahara wake haukutosha kununua maji. Makarani waliletewa na wachukuzi hadi mlangoni. Sisi tuliyafuata kisimani bondeni, na mama alipokuwa mjamzito ile njia ya kupanda ikamshinda. Baba akasema nikimaliza darasa la pili niache shule, nikateke maji. Sikubisha. Nililia jikoni.

Kabla mwaka haujaisha, serikali ikapandisha maji kwa mashine, ikaweka bomba karibu na soko, kwa bei ambayo hata kibarua aliimudu. Siku ya kwanza mama alikinga nusu debe, akasogea pembeni. Kule kisimani tulizoea kumwachia maji aliye nyuma.

"Mbona nusu, mama?" akauliza mlinzi wa bomba.

"Na hawa wenzangu?"

"Jaza! Hata ukioga hapa hapa, watapata."

Wanawake wakacheka. Mama akajaza, huku akiwatazama kama anayeomba radhi.

Mshahara wa baba haukuongezeka. Lakini mwaka uliofuata niliingia darasa la tatu, na kila ninapoandika, polepole hivi, nalishukuru lile bomba.